Safari ya Lubumbashi imekaribia, na mimi huzimia nikiona sindano

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa malori, nina miaka 34, nakaa Mbeya. Bosi amenipa njia ya Dar hadi Lubumbashi, Kongo. Gari linapakia baada ya wiki tatu na natakiwa niwe na kadi ya homa ya manjano. Tatizo langu ni sindano. Nikiwa darasa la tano tulichomwa sindano shuleni, nikaanguka mbele ya wenzangu na kutetemeka, bibi akasema nina mapepo. Tangu siku hiyo nakwepa sindano, hata nikiugua naomba vidonge. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kupimwa malaria, nikaanguka nilipoona damu kwenye kidole chake. Baba naye ni hivyo hivyo, hachinji hata kuku. Madereva wenzangu wananiambia ninunue kadi tu mambo yaishe, wengine wanasema nipige pombe kali kidogo ndipo niende. Naona aibu kumwambia bosi. Nifanyeje? Na hiyo chanjo yenyewe ni salama?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Katika barua yako yote, kilichonisaidia zaidi ni habari ya baba yako na kuku. Wanaoogopa sindano ni wengi mno, lakini hawafanani, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumwangusha mwenzake sakafuni. Wewe uko kundi la wanaozimia, kundi ambalo mara nyingi hurithishana katika ukoo. Na hao ndio wanaopewa ushauri mbaya kuliko wote: "Tulia, legeza mwili." Ukiulegeza mwili, ndipo unapoanguka.

Sikiliza kinachotokea. Mtu anayeogopa nyoka au kupanda mnazi, moyo humwenda mbio, presha hupanda, na hubaki juu mpaka hatari ipite. Huyo hatetereki, kwa sababu damu ya kutosha inafika kichwani. Anayeogopa damu na sindano huanza vilevile, moyo unadunda na viganja vinalowa. Halafu mwili unageuka ghafla. Neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo inauamuru moyo upunguze mwendo, mishipa ya damu ya miguuni inatanuka, damu inajaa chini, na kichwani inabaki kidogo. Masikio yanavuma, macho yanaingia ukungu, unapiga miayo, tumbo linachafuka, jasho la baridi linakutoka, uso unapauka. Sekunde chache baadaye uko chini. Ukishalala, damu inarudi kichwani yenyewe na unazinduka. Ni presha imeshuka kwa muda mfupi, basi. Uanaume wako hauhusiki hapo hata kidogo.

Mtetemeko wa darasa la tano nao una maelezo. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa, mikono na miguu inaweza kurukaruka, hasa kama aliyezimia amekalishwa au ameinuliwa badala ya kulazwa. Watu wakiona hivyo husema kifafa, wengine mapepo. Mwenye kifafa kwa kawaida hutetemeka dakika moja, mbili, kisha huamka akiwa amechanganyikiwa na usingizi mzito. Aliyezimia kwa sindano huamka upesi, anawajua watu, na jambo la kwanza analolisikia ni aibu. Bibi alisema alichokijua. Usimlaumu.

Kwa hiyo kazi yetu ni moja, kuizuia presha isishuke. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walitengeneza zoezi kwa ajili ya watu kama wewe, na mpaka leo sijaona linaloshinda hilo. Ni kukaza misuli. Misuli mikubwa ya mapaja, matako na tumbo ikikazwa huikamua damu ya chini ipande juu, na presha inainuka papo hapo.

Linafanyika hivi. Kaa kwenye kiti, au hata kwenye kabini ya gari likiwa limeegeshwa. Kanyaga chini kwa nguvu kama unayetaka kusimama lakini husimami, kaza mapaja, kaza matako, kaza tumbo, kunja ngumi. Usizuie pumzi, hapo ndipo wengi wanapokosea, wanakaza na pumzi pia. Endelea kupumua kawaida huku umekaza, sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie joto usoni. Hilo joto ndilo alama yako kwamba damu imepanda. Kisha achia, ila usijilegeze mpaka ukawa kama nguo iliyolowa. Rudi tu kwenye hali ya kawaida ya mtu aliyekaa. Subiri sekunde 20 hadi 30, kaza tena. Mara tano mfululizo. Fanya hivyo mara tano kwa siku, asubuhi kabla ya chai, kwenye foleni ya mizani, ukisubiri mafuta, popote, alimradi hauendeshi. Ukifanya wiki nzima, mwili utakuwa unakaza wenyewe kabla hujaufikiria.

Siku mbili za mwanzo fanya zoezi peke yake. Siku ya tatu anza kulitumia mbele ya kitu kinachokuogopesha, ukianzia kwenye kidogo. Mwambie mkeo au rafiki akutafutie kwenye simu picha ya mtu anachomwa sindano begani. Itazame huku umekaza. Ukiisikia ile dalili yako ya kwanza (kila mzimiaji ana yake, kuna wanaoanza na miayo, kuna wanaoanza na masikio), kaza zaidi na usiiondoe picha mpaka upate nafuu. Ukiondoa macho wakati hofu iko kileleni, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho utaogopa zaidi. Ukishaizoea picha, hamia kwenye video. Kisha nunua bomba la sindano famasi, ni bei ndogo tu, livue sindano, lishike, lisukume begani kwako bila sindano. Mwisho nenda kituo cha afya kilicho karibu, kaa kwenye benchi la watoto wa chanjo nusu saa, usikie harufu ya spiriti na vilio vya watoto, kaza ukihitaji, kisha rudi nyumbani bila kuchomwa. Utaonekana kituko. Vumilia.

Sasa kalenda, kwa sababu hapa ndipo waoga wengi wanapojifunga kamba wenyewe. Kadi ya homa ya manjano haifanyi kazi siku uliyochanjwa. Inaanza kutambulika siku 10 baadaye, ndipo kinga inapohesabiwa kuwa imejengeka. Una wiki tatu. Tumia ya kwanza kwa mazoezi, uchanjwe siku ya nane au ya tisa, na ukifika mpakani kadi yako itakuwa hai. Ukisema "ngoja kwanza" mpaka wiki ya mwisho, utachomwa na safari utaikosa. Piga simu kituoni mapema uulize wanachanja siku gani. Vichupa vingi vya chanjo hii vina dozi kadhaa na vikishachanganywa vinatakiwa viishe ndani ya saa sita au vitupwe, kwa hiyo vipo vituo vinavyokusanya wasafiri kwa siku maalumu. Hutaki kujikaza mpaka mlangoni halafu uambiwe urudi Alhamisi.

Siku yenyewe kula. Usiende na njaa kwa kudhani utatapika. Njaa na kiu ndivyo vinavyoangusha watu. Kula chapati na maharage kama kawaida yako, kunywa maji karibu nusu lita ndani ya nusu saa kabla ya zamu yako. Kwa wachangiaji damu maji hayo yamesaidia kupunguza kuzimia. Pombe kali ya wenzako iache. Pombe hutanua mishipa ya damu na kukukausha maji, yaani inaufanyia mwili kile kile tunachokizuia. Vidonge vya usingizi navyo hivyo hivyo, havizuii presha kushuka, na vitakunyima kumbukumbu ya kwamba uliweza.

Ukiingia chumbani, sema kabla hujaulizwa: "Dada, mimi huzimia nikichomwa sindano. Naomba nichomwe nimelala." Jifunze sentensi hiyo kwa moyo. Najua unachohofia, kwamba muuguzi atacheka na kusema baba mzima unaogopa kisindano. Wapo wanaosema hivyo, na hawapaswi. Lakini wengi watakushukuru, kwa sababu mtu mwenye kilo 80 akianguka kati ya meza na friji ya chanjo, kazi inakuwa yao. Aliyelala ni vigumu sana kuzimia, na akizimia haumii. Kama kitanda hakuna, kaa kwenye kiti chenye mgongo ukiegemea ukuta, na mtu wako awe pembeni.

Anza kukaza anapofungua kichupa. Mkono wa kuchomwa pekee ndio uuache uning'inie, kwa sababu msuli uliokazwa huuma zaidi. Miguu, tumbo na ngumi ya mkono wa pili viendelee na kazi. Kutazama au kutotazama ni hiari yako, ila mwambie ahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye tatu kohoa. Kikohozi kimoja wakati sindano inaingia hupunguza maumivu, ni kitu kilichopimwa. Dawa yenyewe ni nusu mililita, na chanjo hii aghalabu huwekwa chini ya ngozi ya mkono, kwa sindano nyembamba na fupi. Nadhani moyoni mwako bado unatarajia ile ya penisilini ya matakoni ya enzi za shule, ambayo dawa yake ni nzito na inauma kwa haki. Hizi mbili ziko mbali. Hesabu sekunde mbili, tatu, imekwisha.

Isipokuwa kwako haijaisha. Wanaozimia baada ya chanjo wengi huzimia ndani ya dakika 15 baada ya sindano, na hasa pale wanaposimama wakijipongeza. Baki umelala dakika 15, uendelee kukaza kila baada ya muda, kisha kaa kitako dakika kadhaa, ndipo usimame. Na ukisikia dalili, usitoke nje "kupata hewa". Korido za hospitali ndiko watu wanakopasulia vichwa, wakienda kupata hewa. Lala hapo hapo ulipo, hata kama ni sakafuni, miguu juu ya kiti. Mwelekeze na atakayekusindikiza: ukianguka asikuinue, asikumwagie maji, asikunuseshe kitunguu, akuache chali, ainue miguu yako. Gari aendeshe mwingine siku hiyo, au panda bajaji.

Kuna jambo moja la usalama ambalo halihusu chanjo. Wewe ni dereva. Kama umewahi kuzimia bila kuona damu wala sindano, ukiwa kwenye usukani, ukibeba mzigo, au moyo ukienda mbio bila sababu, hilo ni suala jingine kabisa, na unatakiwa upimwe moyo kabla hujashika gari lolote. Kutokana na ulivyoeleza, matukio yako yote mawili yana damu au sindano, kwa hiyo sina wasiwasi. Lakini wewe ndiye unayejua kama yapo ya tatu na ya nne ambayo hukuyaandika.

Umeuliza usalama. Chanjo ya homa ya manjano si ngeni. Virusi vyake vilivyodhoofishwa, vinavyoitwa 17D, vilitengenezwa miaka ya 1930 na kundi la Max Theiler, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Sindano moja inatosha maisha yote. Mmoja hadi watatu kati ya kumi hupata homa ndogo, kichwa kuuma au mwili kuchoka siku chache baadaye, na panadoli inatosha. Usiimeze kabla, imeze ukipata homa. Madhara mazito yapo, sitakuficha: mara chache sana virusi vya chanjo vinaweza kudhuru ini au ubongo, kiasi cha mtu mmoja au pungufu kwa kila dozi laki moja, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 60. Kwa miaka yako 34 na afya njema, linganisha na ugonjwa wenyewe. Wachache wanaoufikia ugonjwa huo kwa ukali, macho yakawa ya njano na damu ikatoka, karibu nusu yao hufa, na dawa ya kuua kirusi hicho haipo.

Na Kongo si nadharia. Mlipuko ulioanzia Luanda, Angola, mwishoni mwa 2015 uliingia Kongo, na wasafiri wakaubeba mpaka Kenya na China. Mwezi Agosti 2016 dozi zilipungua kiasi kwamba Kinshasa mamilioni ya watu walipewa sehemu moja ya tano ya dozi ili zienee kwa wote. Kwa hiyo ile kadi ya kununua tuiweke kando. Ni kughushi, ndiyo, na unaweza kukwama mpakani na mzigo wa watu. Lakini mbu wa Lubumbashi, ambaye ndiye anayeeneza ugonjwa huu, hasomi kadi.

Wapo wasiotakiwa kuchanjwa au wanaohitaji daktari aamue kwanza: mwenye mzio mkali wa mayai, anayetumia dawa za kushusha kinga, anayetibiwa saratani, mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga kwenye damu) ziko chini ya 200, mwenye ugonjwa wa thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani), mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga. Ukiwa na mojawapo, au hata ukiwa na shaka tu, sema faragha. Kuna cheti cha daktari cha kukusamehe chanjo, na ni halali kuliko kadi bandia. Kuzimia hakumo kwenye orodha hiyo. Hakumzuii mtu kuchanjwa.

Watu huchanganya kuzimia na mzio mkali, kisha wanasimulia mtaani kwamba chanjo ilimuua fulani akafufuka. Kuzimia huja sekunde au dakika chache baada ya sindano, pengine hata kabla ya sindano, uso unapauka, mapigo yanakuwa ya polepole, na ukilala unapata nafuu. Mzio mkali huleta vipele na kuwashwa, midomo kuvimba, kifua kubana kwa mluzi, mapigo ya haraka, na kulala hakukusaidii. Huo ni nadra, kiasi cha mtu mmoja hivi kwa dozi milioni kwa chanjo nyingi, na dawa yake ni adrenalini, ambayo kituo cha chanjo kinatakiwa kuwa nayo pale pale. Ndiyo sababu nyingine ya kusubiri kabla ya kuondoka.

Kwa wasomaji wengine, wale ambao moyo huwaenda mbio lakini hawajawahi kuzimia hata mara moja: nyinyi ushauri wa kutulia unawafaa. Vuta pumzi kwa tumbo, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, ongea na mtu, sikiliza kitu kwenye simu. Na punguzeni kusikiliza visa vya madhara usiku wa kuamkia chanjo. Kwenye majaribio ya chanjo za UVIKO-19 yaliyokusanywa na kuchapishwa mwaka 2022, zaidi ya theluthi moja ya watu waliodungwa maji ya chumvi matupu katika dozi ya kwanza walilalamika kuumwa kichwa, uchovu na mengineyo. Hawakuwa wanadanganya. Mwili uliambiwa utaumwa, ukaumwa.

Turudi kwako. Kuhusu mkono, kama gia yako iko kushoto na ni ya kusukuma kwa nguvu, omba uchomwe wa kulia. Maumivu ya begani hayazidi siku mbili tatu na safari itakuwa bado, lakini kazi za ndani ya Mbeya huenda unaendelea nazo. Bosi mwambie ukishachanjwa, au usimwambie kabisa. Yeye anataka kadi, na habari za presha yako ni zako.

Ukipewa hiyo kadi, usiikunje ukaitia mfukoni kabla ya kuisoma. Jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, pawe na tarehe ya chanjo, namba ya toleo la dawa, saini na muhuri wa kituo. Usikubali muhuri uliofifia. Ukirudi kutoka Kongo utaulizwa kadi hiyo Zambia na utaulizwa tena Tunduma, nyumbani kwenyewe. Na mtu akikwambia imeisha muda kwa sababu imefika miaka 10, mjibu kwa upole kwamba tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote ya mwenye nayo, hata zile za zamani zilizoandikwa kikomo. Ipige picha, uihifadhi kwenye simu, na ya karatasi itie kwenye nailoni.